Deni Lililobaki Safu ya Chini

Pale kwenye kiwanda cha sabuni walimwita Nukta, na jina hilo hakulichukia. Mhasibu aliye tayari kuchelewesha mishahara ya watu wote kwa sababu ya senti moja isiyojulikana ilikotoka, watu wangemwitaje? Karani wa stoo alimtania kwamba hata ukimsalimia lazima adai risiti. Maisha yake yalikuwa chumba chenye feni inayolia na makabati ya chuma yaliyofura majalada ambayo hakuna aliyeyataka isipokuwa yeye.

Dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kampuni ilipouza hatifungani ili kununua mitambo mipya, dada alitia humo kiinua mgongo chake chote. Tangazo hakulisoma. "Si wewe ndiye unayeandika vitabu vyao?" alimwambia. "Basi mimi nimeshasoma." Na hatifungani si uchawi: unaikopesha kampuni, inakulipa riba kila nusu mwaka, na muda ukiiva inakurudishia fedha yako yote. Miaka sita riba iliingia bila kukosa. Dada akawa anamsifia mdogo wake kwa majirani mpaka mwenyewe akaona haya kupita mtaa ule.

Ukabaki mwaka mmoja hatifungani ziive, na hapo kanuni ya uhasibu haina mjadala. Deni la muda mrefu likibakiza miezi isiyozidi kumi na miwili, unaliondoa safu ya chini, wanakokaa madeni yasiyo na haraka, unalipandisha safu ya juu, kwa yale yanayobisha hodi. Ni mstari mmoja tu unaohama, lakini mtu wa benki akiutazama anajua papo hapo kama kampuni ina pumzi au haina. Nukta aliupandisha, akajumlisha, akarudia kujumlisha. Kampuni haikuwa hata na robo ya fedha iliyotakiwa.

Mkurugenzi akamwita. Alikuwa mtu wa maneno laini, wale wanaokukalisha kwanza na kukuagizia chai kabla hawajakukaba koo.

"Lirudishe chini," alisema.

"Haliwezi kurudi, bosi. Linaiva mwaka ujao."

"Najua. Lakini benki wakiliona huko juu hawanipi mkopo. Na nisipopata mkopo, hizo hatifungani nitazilipa na nini, sabuni? Halafu dada yako naye yumo, au nimesahau?"

Hakuwa amesahau. Watu wa namna ile hawasahau kitu kitakachowafaa.

Nukta akapiga moyo konde, akalirudisha chini. Aliongeza maelezo mafupi kwamba mazungumzo na benki yanaendelea vizuri. Mkaguzi wa nje akayapitia juu juu, akatia saini, maana alikuwa na ndege ya kuwahi. Ndivyo mali za watu zinavyolindwa na wasomi wetu.

Siku zile zile dada alimpigia simu. Mwenye duka la dawa alitaka kuinunua hatifungani yake, kwa bei pungufu kidogo lakini fedha taslimu. "Niuze?" aliuliza.

"Usiuze, Dada. Ngoja iive uchukue yote."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo linalokera zaidi. Angekuwa mwizi, dada angejua la kumwambia.

Mkopo ukatoka. Benki nayo si ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ilidai majengo yote na mitambo yote viwe dhamana. Wenye hatifungani hawakuwa na dhamana yoyote zaidi ya ahadi iliyopigwa chapa vizuri. Kwa hiyo kwa ule mstari mmoja Nukta alikuwa ameitanguliza benki mbele ya dada yake kwenye foleni. Alilitambua hilo siku alipouingiza mkataba wa dhamana vitabuni, maji yakiwa yameshamwagika.

Fedha zenyewe hazikukaa. Kwanza mkurugenzi alijilipa deni alilodai kwamba yeye binafsi aliwahi kuikopesha kampuni. Zilizobaki zikaenda kwa wauzaji wa mafuta ya kutengenezea sabuni, waliokuwa wakitishia mahakama. Nukta aliandika kila malipo kwa mkono wake, kwa usahihi wake ule ule.

Hatifungani zikaiva, akaunti nyeupe. Benki ikatia kufuli zake getini, mfilisi akauza mitambo, benki ikachukua chake, na wenye hatifungani wakagawana makombo. Dada alipata fedha ya kununulia unga na mafuta ya taa, basi.

Jioni moja Nukta alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa viatu, kwa sababu alikuwa amerudi kazini katika umri ule: kumuuguza mzee mmoja asiyejiweza, kumgeuza na kumwosha, kazi ambayo mgongo wake ulikuwa umeshaikataa zamani. Njiani Nukta alikuwa ameyapanga maneno, lakini alipoingia yalitoka ovyo.

"Dada, mimi nilijua. Tangu mwaka mzima kabla. Lile deni nililiweka mahali pasipo pake, na wewe nikakukataza kuuza."

Dada aliendelea kufunga kamba ya kiatu. Alipomaliza hakunyanyuka.

"Ulijua," alisema.

"Nilidhani nakuokoa."

"Juzi tulikutana sisi wenye hatifungani. Wakakutukana sana. Walisema haiwezekani mhasibu asijue." Aliangalia viatu vyake. "Nikasimama mbele yao wote. Nikaapa kwa kaburi la mama kwamba mdogo wangu hakujua kitu."

Nukta alinyoosha mkono amshike bega. Dada akalikwepesha, akachukua mkoba wake.

"Sasa usije ukamwambia mtu mwingine," alisema. "Mimi nimeshaapa. Haya, toka nifunge mlango, nachelewa kazini."