Makaburi ya Kibua Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Nilitoka Masisi asubuhi ya Jumatatu, mwanzo wa kiangazi, nikiwa na madaftari mawili, penseli, kifuko cha chumvi alichonipa mama nimpelekee kaka yake, na barua ya ofisi yenye muhuri. Barua iliwaamuru machifu wote wa njiani wanipe malazi na chakula. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu kuisha. Pale Masisi palikuwa pamejengwa nyumba ya wageni, na mkubwa wa ofisi yetu alitaka karatasi ya kuwaonyesha Wazungu watakaolala humo: njia za kutembea, maziwa ya kutazama, na mahali pa historia. Mimi nilikuwa karani wake wa pili. Baba yangu alikuwa Mhunde wa hapohapo, mama yangu Mnyanga wa Kibua. Hakuonekana mwingine wa kutumwa.

Hiyo ndiyo sababu ya ofisi. Yangu ilikuwa nyingine. Miezi mitatu kabla ya hapo ilipotea orodha moja ya wafanyakazi, na mimi nililazwa chini mbele ya ofisi nikachapwa viboko, mke wangu akitazama na mtoto mgongoni. Orodha ilionekana baadaye kwenye meza ya mkubwa mwenyewe, chini ya kofia yake. Aliichukua, akaendelea na kazi. Wakati ule kulikuwa na kadi waliyopewa Waafrika wachache waliosoma, wale ambao mwenendo wao uliwapendeza wakubwa, na mwenye kadi hachapwi. Mkubwa aliniambia, "Ukiniletea kazi nzuri, nitapeleka jina lako." Basi nikatembea.

Siku ya pili, mchana, nilifika maziwa ya Mokoto. Ukitokea juu ya kilima cha mwisho unayaona kwa ghafula, maji ya kijivu yamelala kati ya milima, kandokando mafunjo marefu, na ndege weusi wanaozama na kuibuka mbali na pale ulipowatazamia. Baridi ya huko inaingia hadi kwenye meno. Nilipokewa na Mama Angelina, mke wa mmoja wa wafugaji waliokuja kutoka Rwanda na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Alinikuta nimesimama na daftari mkononi.

"Karani, umekuja kuangalia maziwa ao kunywa maziwa?"

"Yote mbili, Mama."

Akacheka, akanipa kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando. Nilikunywa nikitazama kilima kilichokuwa mbele ya nyumba yake. Nilikijua. Babu yangu alilima maharagwe pale, na baba alinionyesha mahali hapo nilipokuwa mdogo, kabla watu wetu hawajaambiwa wahame. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, maana nilikuwa nyumbani kwake.

Mama Angelina akakitazama kilima naye. "Siye Bazungu balitupandisha kwa kamyo, balituleta," alisema. "Balituambia huku iko pori, hakuna muntu."

"Tulikuwako, Mama."

"Sasa njo ninaona. Nikilima, jembe inagonga mafiga ya bantu."

Akanijazia kikombe tena. Mtu anayekujazia kikombe, utamchukia kwa njia gani? Nilikunywa, nikashukuru, nikaandika kwenye daftari: "Maziwa ya Mokoto. Mandhari nzuri, ndege wengi, hewa safi." Mafiga sikuyaandika.

Kutoka hapo nilirudi kusini, nikapita Nyabiondo na kushika barabara inayoteremkia Walikale. Mashamba ya pareto yaliisha, baridi ikaisha, msitu ukaanza. Barabara hiyo ilichimbwa kwa majembe na vikapu. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliochimba, naye alirudi nyumbani akikohoa, na hakupona tena. Kila baada ya mwendo mrefu kuna daraja la magogo, na karibu na kila daraja vichuguu vya udongo vilivyomezwa na nyasi, ambavyo wapitanjia hawavikanyagi. Wanaume walizikwa palepale walipoangukia. Niliulizwa mahali pa historia na nilikuwa nakanyaga historia tangu asubuhi, lakini nilijua si hiyo waliyoitaka. Niliandika: "Barabara nzuri, inapitika kwa gari wakati wa kiangazi."

Siku ya sita, saa nane mchana, niliingia Kibua. Mjomba wangu Petero, kaka wa mama wa tumbo moja, alikuwa anaanika mpunga. Aliacha kila kitu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwipwa wangu! Dada yangu iko aje?"

"Iko muzima, Mujomba. Amekutumia chumvi."

Alifungua kifuko, akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho. Mkewe alipika ndizi na samaki wa mtoni. Tulikula, tukamzungumzia mama na utoto wao hadi jua likaanza kushuka. Ndipo mjomba alipoyaona madaftari yangu.

"Na hizi kaye ni za nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikata. Mjomba alikuwa Mkristo, medali ya ubatizo ilining'inia shingoni, lakini ukoo wake ndio uliotunza msitu mdogo wa ng'ambo ya kijito, walimozikwa machifu wa zamani. Mimi niliusikia tu kwa mama. Mtoto wa dada, akiwa mtu mzima, ana haki ya kupelekwa mara moja awasalimie.

"Kesho asubui tutaenda," alisema. "Utabasalimia bababu zako. Lakini kaye itabakia hapa kwa nyumba. Macho yako ione, mukono yako isiandike. Unanisikia?"

"Ninakusikia, Mujomba."

Asubuhi tulivuka kijito tukiwa miguu mitupu. Ng'ambo ile hakuna mti uliowahi kukatwa. Miti ni minene, imekaribiana, na mwanga unafika chini kidogo kidogo. Kuna mawe saba yaliyosimama, na mbele ya kila jiwe chungu kilichofunikwa. Kwenye jiwe la mwisho palikuwa na kiti cha chifu cha mti mweusi, kimelainishwa na miaka mingi ya kukaliwa, na mkuki umelazwa juu yake. Mjomba alipiga magoti, akataja majina yao mmoja mmoja, kisha akataja la mama yangu na langu. Sikuwahi kusikia jina langu likitajwa baada ya majina ya watu wa namna ile. Nililia, wala sikuona haya.

Kesho yake niliaga na kushika njia ya Ntoto. Katikati ya njia nilikaa juu ya gogo, kando ya maji, nikafungua daftari. Ukurasa wa mahali pa historia ulikuwa mweupe. Nilikumbuka vumbi la mbele ya ofisi likiniingia mdomoni, na uso wa mke wangu. Nikaandika yote: kijito, mahali pa kuvukia, mti uliopinda, mawe, vyungu, kiti. Nilichora hata ramani ndogo. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisi, bila kufuta hata neno. Kama ningefuta hata moja, pengine leo ningekuwa na la kujitetea.

Ntoto nililala nyumbani kwa Mama Veronika, mwanamke aliyeuza chumvi, sabuni na samaki wakavu. Aliniuliza ninachoandika ni kwa faida ya nani.

"Ya wageni, Mama. Batakuja kutembea huku."

"Na siye tutapata nini?"

"Mutabauzia mayai."

Aliendelea kupanga samaki wake. "Kaka, yai Bazungu balikuwa banakamata tangu zamani. Sikuona mwenye kuuliza bei."

Nilirudi Masisi baada ya siku kumi na nne, viatu vimekwisha. Mkubwa wa ofisi alisoma daftari akiwa amesimama. Maziwa aliyapita, barabara akaipita. Kwenye makaburi akaketi. Alisoma mara mbili, akachukua penseli nyekundu, akapiga mstari chini ya neno "kiti". Kisha akanipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kushikwa mkono na mtu yule. Kadi nilipata kabla ya Krismasi.

Mwezi uliofuata safari yangu walikuja wageni kutoka Bukavu, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye kamera, nami nikaamriwa niwaongoze. Tulifika Kibua kwa gari, asubuhi. Mjomba alikuwa mlangoni. Aliona gari, akawaona, kisha akaniona mimi nikishuka na ramani yangu.

"Mujomba," nilianza.

"Jambo, Bwana Karani," alisema. "Pita tu. Njia unaijua."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Niliwavusha kijito. Walivuka na viatu. Mwanamke alipiga picha, akaniomba nisimame karibu na mawe ili uonekane urefu wake, nami nikasimama. Walifungua vyungu, wakakuta ni vitupu, wakacheka. Walipoondoka walichukua mkuki, kiti, na vyungu viwili. Kiti nilikibeba mimi, maana wapagazi waliokodiwa kijijini walikataa kukigusa na kurudi kwao bila kudai ujira. Tulipopita tena mbele ya nyumba ya mjomba, mlango ulikuwa bado umefungwa. Mkewe alikuwa amekaa nje, ametupa kisogo.

Sikumwambia mama. Habari ilimfikia kwa watu wa sokoni. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli nilikibeba mimi. Nikamjibu ni kweli. Tangu siku hiyo alikula nyumbani kwangu kama mgeni, akishukuru kwa kila sahani.

Alikufa masika yaliyofuata. Kwetu mwanamke anazikwa mbele ya watu wa kwao. Kaka yake ndiye anayesema kuwa sasa mnaweza kuweka udongo. Nilituma mtu Kibua kwa baiskeli, nikatuma wa pili. Wa pili alirudi akasema aliwakuta wote nyumbani, walimpa maji ya kunywa, wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakaendelea na kazi zao. Kwa jumla tulingoja siku tatu, mpaka wanawake waliokuwa wanamlinda wakatuambia haiwezekani tena.

Ninyi mnaosoma haya, wengi wenu mtapewa daftari na kuambiwa andikeni nchi yenu. Mimi nilijifunza kwamba mtu anaweza kuijua kila njia ya nchi ya mama yake na asiwe na mlango hata mmoja wa kubisha humo. Siku ile ya kumzika mama watu walinitazama wakingoja, na hapakuwa na mwenye haki ya kutoa ruhusa. Basi nikachukua koleo, nikaanza kuweka udongo mwenyewe.