Suruali ya Mcheza Barafu

Mteja wangu huyu anacheza kwa kuteleza juu ya barafu, na kila mwaka anashindana. Mimi sijawahi kwenda kumwangalia. Baridi ile siiwezi. Lakini miaka yake tisa ya mashindano nimeijua hapahapa Isipingo, kwenye cherehani yangu. Suruali ikirudi, kwanza naangalia nyonga ya kulia, maana ndipo anapoangukia. Mwaka alioshindana Cape Town nilitia viraka viwili. Mwaka wa Pretoria nilibadilisha kitambaa chote cha upande ule. Yeye halalamiki. Anasimama mbele ya kioo kwa mguu mmoja bila kujua, na nikimwambia ageuke nimpime, siku zote anageukia kushoto. Vidole vyake ni vya baridi hata Januari. "Shona tu, Mama Antoinette," ananiambia kwa sauti ya chini, "nitarudia." Kisha anakunywa chai yangu na kuomba sukari zaidi.

Jumatatu alikuja na mfuko wake uleule wa kila mwaka. Nikaitoa suruali, nikaiangalia nyonga: nzima, hata uzi haujalegea.

"Eish, papa! Hukucheza?"

"Nimecheza, mama. Nimekuwa wa tano."

Halafu akanipa shati lake la mashindano. Lilikuwa limechanika makwapa yote mawili, hadi mbavuni.

"Na hii ni nini tena?"

"Muziki ulipokwisha," akasema, akainua mikono yote miwili juu kunionyesha, katikati ya duka, akicheka.

Nimelishona. Safari hii makwapani nimeacha nafasi.