Kigari Kitupu Kwenye Theluji

Letebrhan aliwalea wanawe wawili kwetu, mjini Keren, kwa kuuza mkate stendi ya mabasi, mume yuko vitani, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa na mtu kama anajua kulea. Leo, bibi mzima mwenye mvi, amekalishwa sebuleni kwa mwanawe Medhanie huko Norwe, anafundishwa jibu la kumpa mwanamke wa Ustawi wa Jamii, wale wanaochunguza malezi ya watoto. Dunia hii ina vituko!

"Sema mtoto alikuwa wa baridi," Medhanie alirudia. Ni dereva wa basi, mtu wa sauti ya chini, lakini asubuhi hiyo sauti ilikuwa ikimpanda yenyewe. "Mikono barafu, miguu barafu. Ukaogopa atakufa, ukamchukua. Basi, usiongeze neno."

"Na yule msichana wa chekechea?"

"Mama, achana na yule msichana! Sisi tutanyang'anywa mtoto, wewe unamuwazia yule!"

Tsegereda, mkewe Medhanie, alisimama dirishani na mtoto kiunoni. Hakugeuka. Tangu Jumanne hakuwa amemsemesha mama mkwe wake hata neno la salamu, na chakula alikuwa akikiweka mezani na kuondoka.

Sasa, hiyo Jumanne ilikuwa hivi. Medhanie yuko kwenye basi lake, Tsegereda yuko hospitali anakofua mashuka, na mtoto wao Natan, wa mwaka mmoja na ushei, yuko chekechea. Utauliza, mtoto apelekwe chekechea na bibi yake yuko nyumbani, mzima, mikono miwili? Uliza tu, maana mimi pia niliuliza. Ni maneno ya kanisani. Ibada ikiisha, buni inakaangwa, na wanawake wetu wanaanza: fulani alinyang'anywa watoto kwa sababu walikuwa wakilelewa na bibi, fulani kwa sababu mtoto alilia mpaka jirani akasikia, fulani kwa kutompeleka chekechea, maana ni sheria. Nani aliona kwa macho yake? Hakuna. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tsegereda akayabeba yote mpaka nyumbani. Natan akilia, mama anakimbilia kufunga madirisha kwanza, ndipo anamwendea mtoto.

Basi Letebrhan akatoka kununua vitunguu dukani, akapita kando ya uzio wa chekechea. Vigari vilikuwa vimepangwa nje chini ya upenu kama kila siku, theluji imefika magotini, watoto ndani ya ngozi za kondoo wanakoroma. Sisi tuliokaa huku hata hatugeuki kuangalia, na wetu tumewalaza hivyo hivyo wakanenepa. Letebrhan alikuwa ameambiwa, akadhani ni utani wa Medhanie. Akaona kofia nyekundu aliyoifuma kwa mikono yake ikichungulia kwenye kigari cha tatu.

Akafungua lango. Hakukuwa na mtu. Mlezi, msichana anayeitwa Silje, huwa anawaangalia kutoka dirishani, ila dakika ile kuna mtoto ndani alikuwa ameanguka na kupasuka mdomo, akamkimbilia. Letebrhan akaingiza mkono chini ya ngozi ya kondoo, akampapasa mjukuu wake kifua, shingo, nyayo. Akatulia kidogo. Kisha akamtoa, akamfunga mgongoni kwa ile mbeleko ya ngozi yenye simbi aliyokuja nayo kutoka Keren, ambayo hata akienda kununua vitunguu haimtoki kikapuni, akavaa koti lake pana juu, akaondoka zake.

Gari la polisi lilimpita mara mbili njiani. Walikuwa wakitafuta mtoto aliyeibwa. Waliona bibi mwenye kibyongo na kikapu cha vitunguu.

Mlango ulipogongwa nyumbani, Letebrhan akachungulia, akaona sare, akajua yale ya kanisani yametimia. Akajifungia bafuni na mtoto. Wakagonga, wakaita kwa lugha yao, naye akazidi kumkumbatia Natan na kumtaja Bikira Maria. Mwishowe ikaja sauti ya Tsegereda, sauti iliyopasuka.

"Mama! Natan yuko humo? Sema tu yuko!"

"Yuko. Lakini sifungui. Hao wamekuja kumchukua."

"Wamekuja kumtafuta, Mama! Aliyemchukua ni wewe!"

Hapo ndipo Letebrhan alipofungua. Tsegereda akampokonya mtoto, akaanguka chini naye, akalia kilio cha msiba. Jioni ile habari zikafika kwamba Silje, kwa kuwa hakuwapo dirishani, ameambiwa akae nyumbani mpaka ijulikane kama alimwacha mtoto agande. Na Ustawi wakapiga simu kusema wanakuja.

Wakaja. Yaani akaja mmoja, Gunnhild, mama wa makamo, akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi za sufu. Akaweka simu mezani, na ndani ya simu mkalimani, mwanamume wa kwetu aliyekaa mji mwingine. Kahawa ilimiminwa, hakuna aliyeigusa. Tsegereda alimbana Natan mpaka mtoto akaanza kulalamika. Akatupa jicho madirishani. Yalikuwa yamefungwa.

Gunnhild akauliza habari za njia, za lango, za kigari. Letebrhan akajibu yote. Kisha likaja lile swali lenyewe.

"Ulipomgusa, mtoto alikuwa akisikia baridi?"

Medhanie akamkazia mama yake macho. Jibu lilikuwa limeandaliwa, kazi ni kulitema tu. Letebrhan akamtazama Natan, akayawaza maneno ya mwanawe, akamuwaza msichana wa watu aliyekaa kwao akisubiri hukumu.

"Hapana," akasema. "Alikuwa moto kama mkate umetoka tanuri sasa hivi."

"Mama!" Medhanie akaruka.

Kisha mkalimani, kwa sauti ya mtu aliyeogopa kwa niaba ya wenzake: "Mama, nitafsiri hivyo hivyo?"

"Kwani nimesema Kichina? Tafsiri."

Akatafsiri. Gunnhild akasogea mbele kidogo. "Kama hakuwa na baridi, kwa nini ulimchukua?"

"Kwa sababu nyumba hii ni kimya!" Sasa ilikuwa zamu ya Letebrhan kupandisha sauti. "Wanatoka giza, wanarudi giza. Mimi naongea na friji. Nimelea watoto mabomu yakilia, leo mjukuu wangu analelewa na wageni, na mimi nipo hapa, nimekaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Nilijua yuko salama. Aliyekuwa akisikia baridi ni mimi. Yule msichana mrudishieni kazi yake, hana kosa na mimi."

Medhanie alijifunika uso. Gunnhild akasubiri simu imalize. Halafu akamgeukia Medhanie, kwa Kinorwe.

"Kwa nini mtoto habaki na bibi yake?"

"Ni sheria," Medhanie akasema. "Lazima aende chekechea."

"Sheria gani? Nani kawaambia? Chekechea ni hiari ya mzazi. Bibi kulea mjukuu wake hakumkosei mtu."

Mume na mke wakatazamana. Tsegereda, ambaye kila asubuhi alimkabidhi mtoto chekechea kisha akalia njia nzima mpaka kituo cha basi, akailegeza mikono iliyombana Natan.

Gunnhild hakuondoka bila kusema lake. Kumtoa mtoto chekechea kimyakimya, alisema, ni kosa, na Silje alitafuta kwenye theluji kwa mikono mitupu akipiga mayowe. Letebrhan akainamisha kichwa, akasema atakwenda mwenyewe kumwomba msamaha. Ama mtoto, Gunnhild akamalizia, hakuna atakayewanyang'anya, hatoki humu ndani. Akavaa viatu vyake, akaenda.

Mlango ulipofungwa, Tsegereda akaenda kwenye msumari ilipotundikwa mbeleko. Akaiangua. Akaja nayo mpaka mbele ya mama mkwe wake, mtoto mkono huu, mbeleko mkono ule.

"Ukimtoa tena mahali bila kuniambia, Mama, bafuni nitakufungia mimi mwenyewe."

"Haki yako, mwanangu."

"Haya, inama."

Letebrhan akainama.