Kona Saba Kutoka Msituni

Baba alipokuwa akirudi kutoka Lukozi tulimsikia kabla hatujamwona. Kuna kona saba kutoka pale msitu unapoishia hadi nyumbani kwetu, na kwenye kila kona pikipiki yake ilitoa mlio mfupi, mmoja tu, kisha ikanyamaza. Tulihesabu. Kwenye mlio wa tano mama aliingia jikoni kuweka maji. Kwenye wa saba sisi watoto tulikuwa tumeshafika barabarani.

Mlio ule haukuwa wa mbwembwe. Pikipiki ile ni ya zamani, ya aina inayotumia petroli iliyochanganywa na oili na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Ukishuka mlima mrefu ukiwa umefunga mafuta, injini inazungushwa na magurudumu tu, haipati petroli, kwa hiyo haipati hata tone la oili. Ndiyo maana kila ukifika kwenye kona unabana klachi na kuivutia mafuta kidogo. Wazee wanasema unainywesha.

Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule muhula ule ule, nikashika jembe na bustani ya kabichi. Nilikuwa na mdogo wa kiume wa miaka tisa, na wa kike wa miaka mitatu ambaye hakulala bila kanga ya mama. Pikipiki ilikaa kwenye banda la kuku mpaka siku moja fundi cherehani, rafiki wa baba, alipokuja na kopo la oili. Aliitazama, akamfukuza jogoo aliyekuwa juu ya kiti.

"Mwanangu, kuku hawana leseni," akasema. "Jumamosi njoo."

Ndivyo nilivyoingia kwa wazee wa Jumamosi. Ni watano, mimi wa sita. Ijumaa ni ya wa msikitini, Jumapili ni ya wa kanisani, Jumamosi asubuhi ni ya pikipiki kuukuu. Tunakutana Lushoto mjini kukiwa bado na ukungu, tunapanda taratibu hadi Lukozi, kwa mama mmoja anayepika chapati na supu ya maharage. Pikipiki dhaifu ndiyo inayotangulia, na hakuna kuipita. Na hakuna anayeinuka mezani mpaka fundi, ambaye ndiye mkubwa wetu, afunike kikombe chake.

Kwangu hilo la kikombe ndilo gumu. Mimi sijui kukaa. Wenzangu wakisimulia habari za kabureta, mimi naangalia barabara inayoendelea kwenda Mlalo, na goti langu linacheza chini ya meza. Sijawahi kuendesha kupita pale. Na sijawahi kumwambia mtu kwamba kila Jumamosi, wakati wa kugeuza pikipiki kurudi, huwa nakaa kidogo na mguu mmoja chini kabla sijaamua.

Jumamosi ninayotaka kuieleza, yule mdogo wangu wa kanga, sasa msichana mkubwa, alikuwa anakwenda chuo cha uuguzi, Tanga. Basi linatoka Mlalo na lilikuwa lipite kwetu saa nne.

"Kesho usiende, kaka," aliniambia siku moja kabla.

"Nitarudi saa tatu. Sanduku lako nitalipandisha mimi kwenye basi. Asiliguse mtu."

Asubuhi nilipotoka sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba, liko mlangoni, na nilijua nisingeweza kukaa nyumba moja na sanduku lile kwa saa nne nzima. Nikaondoka.

Mezani siku ile palikuwa na maneno mengi kuliko kawaida. Mwalimu mstaafu alikuwa amepakiwa na fundi, kwa sababu pikipiki yake aliifungua mwenyewe ikamshinda kuifunga.

"Imebaki na skrubu tatu hazina pa kwenda," alisema.

"Mwalimu, hizo zimetoka kichwani kwako," fundi akamjibu, na mama mwenye mgahawa akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Ilikuwa saa tatu na dakika kadhaa. Nilikitazama kikombe cha fundi. Akaomba kiongezwe chai.

Nikainuka. "Samahanini, wazee wangu," nikasema, "mdogo wangu anasafiri leo." Fundi alifungua mdomo aniambie kitu, lakini nilikuwa nimeshapiga kiki.

Msitu niliupita sijui vipi. Kona ya kwanza niliinywesha. Ya pili niliinywesha. Baada ya hapo nilianza kuhesabu dakika badala ya kona, nikafunga mafuta nikaiacha ishuke, na sikukumbuka kitu kingine mpaka gurudumu la nyuma lilipokaza ghafla na kuburuta kwenye lami. Nilibana klachi, nikayumba, nikasimama kwenye mfereji. Kiki ilikuwa ngumu kama imechomelewa.

Wazee walinikuta naisukuma kiki kwa miguu yote miwili. Walizima pikipiki zao moja baada ya nyingine, maana hilo nalo ni la kwetu: ya mmoja ikizimika, zote zinazimika. Fundi alifungua plagi, akamimina oili kidogo kwenye tundu, akanishika mkono.

"Usiiguse. Pistoni imenasa kwa joto. Ikipoa itaachia."

"Ipoe mpaka saa ngapi, mzee?"

"Mpaka ipoe."

Mmoja wao akapiga kiti chake cha nyuma, nipande anipeleke. Nikakataa. Nilisema siwezi kuiacha pikipiki ya baba mferejini. Nilizunguka pikipiki ile sijui mara ngapi. Nilishika bomba, bado moto. Nilitazama saa. Nilishika tena bomba. Halafu tukasikia honi ya basi huko juu msituni.

"Panda basi hilo," alisema fundi.

"Na hii?"

Mwalimu akadakia. "Hii haiendi chuo. Anayekwenda chuo anakusubiri. Sisi tuko watano na hatuna kazi."

Niliingia katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili.

Nilisimama mlangoni mwa basi kona zote nne zilizobaki. Mdogo wangu alikuwa ukingoni mwa barabara pamoja na mdogo wangu wa kiume, mgongo umeelekea basi kidogo, sikio limeelekea mlimani. Aliponiona nateremka hakucheka wala kulia.

"Nilisikia miwili," alisema. "Halafu kimya. Nikajua leo umegeuza."

"Nimegeuza kwenda wapi?"

"Huko mbele ya Lukozi unakokutazama siku zote, kaka. Unadhani hatujui? Kila Jumamosi huwa nahesabu mpaka saba ndipo nakula."

Konda alikuwa ameshaliinamia sanduku.

"Liache," mdogo wangu akamwambia. "Atapandisha kaka."

"Dada, gari lina ratiba!"

"Na mimi nina kaka."

Nililibeba begani, nikalipandisha, nikalifunga kamba mara mbili, nikaifungua ya pili nikaifunga upya. Konda alipiga bodi. Mdogo wangu alinishika mkono kupitia dirisha, na mkono wake ulikuwa unanuka sabuni ya kufulia. "Niliikosea tu pikipiki," nilimwambia. "Sikuwa nakwenda popote."

"Najua sasa," akasema, na basi likaondoka.

Mdogo wangu wa kiume alitaka tuingie ndani. Nilishindwa. Nilitembea hadi kwenye mpaka wa kabichi nikarudi, nikaenda tena. Pengine nusu saa ilipita. Kisha, kutoka juu, ukaja mlio mmoja mfupi, ukanyamaza.

Pikipiki za wazee wengine hazihitaji kunyweshwa. Ni yetu peke yake. Fundi alikuwa amepanda ya baba, na bila shaka mwalimu alikuwa nyuma yake akiendesha ya fundi, akilalamika.

"Nne," alisema mdogo wangu, maana walianzia kona ya nne.

Kwenye mlio wa tano niliingia jikoni, nikaweka maji.