Kiu ya Kisimba, Kalemie hadi Kongolo

Nilitoka Kalemie kwenda hospitali ya Kongolo kwa sababu mume wangu, Kisimba, alikuwa amevimba miguu mpaka magotini, na miguu yenyewe ilikufa ganzi. Unaichoma sindano, anakuangalia tu. Ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeusi kuliko alivyozaliwa. Dispansari walisema ukoma, kisha wakasema ini. Ukoo wake ukawa na jibu lake: aliyevimba amejaa maji, basi anyimwe maji! Kaka yake mkubwa, Papa Ngoy, njo yeye aliyelinda kopo la maji. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na katikati majani ya kumkojosha. Na miye, mpumbavu miye, nilikubali.

Saa nne asubuhi treni iliondoka, siku mbili baada ya ile tuliyoambiwa. Zaire yetu hiyo. Tulikaa juu ya magunia ya ndagala, samaki wadogo wakavu, Papa Ngoy pembeni na kopo lake.

Kituo cha Nyunzu, wanawake walileta maji na machungwa mpaka dirishani. Kisimba akanishika mkono.

"Mama Feza, nipe hata ya kulamba."

"Vumilia, Papa Feza. Unataka miguu ipasuke?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Hasira ya siku ile bado ninayo, na nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Kabalo tulilala kungojea treni ya Kongolo. Kutwa nzima Kisimba alikojoa mara moja tu, kidogo sana, rangi ya chai kali. Papa Ngoy akafurahi.

"Unaona? Anakauka!"

Kongolo, kwenye hospitali ya misheni, daktari alimpima miguu, ngozi, damu, akapiga picha ya mifupa. Mkojo aliushika juu kwenye mwanga.

"Mama, huu ni ugonjwa mumoja, na ni wa nadra. Kuna uvimbe mubaya ndani ya mifupa, unachafua damu. Damu hiyo inaharibu mishipa ya fahamu, ngozi, sasa mafigo. Nani alimukataza maji?"

"Miye," Papa Ngoy akasema. "Kwetu muntu akivimba…"

"Maji yametoka kwenye damu, yamekaa kwenye nyama! Inje amevimba, ndani amekauka. Mafigo yanaishi kwa damu, Papa. Mulikuwa munayaua."

Papa Ngoy aliliweka kopo lake sakafuni. Mimi nililia kwa hasira mpaka masista wakanitoa nje. Aibu gani! Mutu mzima, mke, kumnyima mume wake maji mbele ya machungwa ya Nyunzu!

Wiki mbili za serumu ya mshipani na mkojo ukarudi. Mafigo hayakupona yote. Daktari hakutudanganya: ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuumaliza.

Kurudi, nilinunua maji kila kituo, na Kisimba akanywa mbele ya Papa Ngoy. Kalemie ukoo ulitupokea, na shangazi mmoja akaanza, "Mumupe kidogo kidogo tu…" Nilipiga kelele stesheni nzima ikageuka. Wakaniita mwanamke mkali. Sawa.

Nimejifunza hili, na nawaambia walioko nyumbani: mgonjwa akivimba, angalieni mkojo wake, mumpeleke kwa daktari, msimnyime kitu kwa kukisia. Kisimba aliishi miezi saba mingine. Aliuawa na ugonjwa wake. Hakuuawa na sisi.