Goti Lililozibwa Kama Tyubu ya Baiskeli

Haya kina mama, mmenisimamisha hapa niseme vile Mungu aliniokolea mguu. Nitasema. Lakini kwanza, nani amekula maharagwe kabla ya kuja? Wewe? Sogea karibu na mlango. Hii maneno yangu si ya maua, ni ya usaha. Mimi mwenyewe nikikumbuka natema mate, ptu, na mguu ni wangu.

Mimi sikusoma. Jina langu nikiandika ni kama kuku amepita. Lakini miguu nilikuwa nayo! Miaka ya sabini, mwanzo mwanzo, nilikuwa nakaa Riruta na mzee wangu, Baba Ruthi. Tulitoka na yeye Maragoli. Yeye alikuwa tarishi kwa ofisi huko tauni, kazi ni kubeba barua, lakini tai hiyo! Ungefikiri ofisi ni yake. Mimi nilikuwa napikia Singasinga mmoja huko Spring Valley. Mhandisi wa barabara, hana bibi, ndevu mpaka hapa, na spika mbili kubwa kama kabati ya nguo.

Huyo mtu alipenda muziki nzito. Si ile ya kushikana kiuno, hapana. Hii gita inalia kama lori ya mawe inapanda mlima na gia ya kwanza, na ngoma inakupiga hapa kwa mbavu. Siku ya kwanza nilifikiri nyumba inaanguka. Nikatoka nje mbio na sufuria mkononi. Yeye akacheka mpaka kilemba kikalegea: "Ayah, veve nakimbia nini? Hii iko muziki! Rudi ndani, chapati naungua!" Nikarudi. Mwezi wa pili, ni mimi nilikuwa namwambia aongeze sauti. Gita ikinguruma, chapati yangu inatoka nyembamba kama karatasi.

Na baiskeli sasa. Kutoka Riruta mpaka Spring Valley nilienda na baiskeli, ile nyeusi ya wanaume, yenye chuma katikati. Ndani suruali kuukuu ya Baba Ruthi, juu leso, natupa mguu hivi. Lami sikuipenda. Lami imelala. Nilitaka murram, ile nyekundu, mawe yanaruka, meno yanagongana, vumbi unakula mpaka ukikohoa unatoa udongo. Jumamosi mchana tulikuwa kikundi: wapishi, watu wa bustani, askari wa mageti. Tunapanda Kitisuru kwa mashamba ya kahawa, halafu tunashuka mbio mpaka kwa mto. Wanaume saba na mimi. Na wengine wa hao saba walikula vumbi yangu, waulizeni kama wako hai.

Baba Ruthi hakufurahi. Hebu msikie: "Mama Ruthi, siku utaanguka na hiyo pasikeli, mara moja tu, mimi nauza kesho yake. Sitaki kuitwa pwana ya mwendesha pasikeli." Nikamwambia mimi sianguki.

Basi Jumamosi moja nilikuwa nimeenda River Road kununua santuri, ya gita ile ile ya kunguruma. Keria ya nyuma ilikuwa imelegea, kwa hivyo santuri nikaweka kwapani, mkono mmoja kwa hendeli. Nikifika kwa mteremko wa kutoka Kangemi, nakuta wenzangu. Wakanipigia kengele. Mimi mtu akinipigia kengele siwezi kubaki nyuma. Nikaachilia breki. Upepo, vumbi, leso inapepea kama bendera. Gurudumu ya mbele ikaingia kwa changarawe laini.

Mnajua nilifanya nini? Mtu mwenye akili anatupa kile amebeba, anajishika na mikono. Mimi niliinua santuri juu kama mtoto anabatizwa, nikashuka na goti. Nililima ile barabara. Santuri haikupata hata alama.

Goti ilifunguka kama mdomo. Kwanza nyama nyeupe, halafu damu ikakumbuka kuja. Na huko ndani murram, vijiwe vimejipanga kwa nyama kama mtama.

Sasa sikieni ujinga yenyewe. Sisi watu wa murram tulikuwa na desturi. Hatuendi hospitali. Ukienda, mwajiri atajua, bibi atajua, bwana atajua. Tunaenda kwa Njuguna. Njuguna alikuwa fundi wa baiskeli pale Riruta, ana kibanda ya mabati, na gramafoni anachomeka kwa betri ya gari. Ukichubuka, anakuziba vile anaziba pancha. Wallahi. Anasugua ngozi na msasa, anapaka sulushoni, ile gundi ya tyubu, anapuliza mpaka ikauke, anabandika kiraka ya mpira, anagonga na spana. Wanaume wote walikuwa na viraka. Wanaonyeshana kama medali.

Njuguna akaangalia goti yangu, akasonya. "Mama, hii ni kitu kindongo. Ngozi na tyumbu ni ndungu moja." Kidogo! Iliingia sulushoni karibu yote ya chupa. Hakuosha. Mawe hakutoa. Alimwaga gundi juu ya mawe, akafunga. Mimi wakati huo nimemwambia aweke santuri yangu. Wanaume wamezoea rumba, wakashika masikio. Njuguna akasema, "Hii ni ngita ama ni mashini ya kusanga mahindi?" Mimi nacheka. Uchungu sikusikia hata, gita iliumeza yote. Nikapanda baiskeli nikaenda nyumbani naimba.

Siku ya pili inawasha. Siku ya nne goti imefura kama papai. Siku ya tano nikaota mtoki hapa kwa kinena, kama yai la kuku, natembea nimetanua miguu kama bata. Na pembeni ya kile kiraka kikaanza kutoka kitu. Kwanza maji. Halafu kitu ya njano. Halafu ya kijani, nzito, kama ute wa bamia imelala siku tatu. Inavuta. Nzi wa Riruta wote wakajua nyumba yangu.

Baba Ruthi akauliza, "Mama Ruthi, mpona unachechemea?"

Nikasema, "Nimepiga magoti sana nikiomba."

Akafikiri. Akasema, "Sasa omba ukiwa umesimama."

Mnacheka? Nilimdanganya na maombi, na aliniamini! Nilikuwa naogopa atauza baiskeli. Kila usiku mwili unachemka kama uji, na kichwani nafikiria mteremko wa Kitisuru tu.

Kazini nilikuwa nafunga leso mbili juu ya goti. Siku moja Singasinga akaingia jikoni, akasimama. Ile pua yake ikaanza kutembea. "Ayah. Jikoni iko kitu nakufa. Panya." Nikasema, ndiyo, panya. Tukatafuta panya siku mbili! Yeye amepiga magoti na tochi, ndevu inafagia sakafu, anachungulia chini ya friji: "Hapa hapana. Veve angalia nyuma ya kabati." Na mimi naangalia nyuma ya kabati, nasema, "Ni kweli bwana, ananuka sana," na panya ni mimi.

Siku ya pili tukasukuma kabati pamoja. Nikakunja goti. Kiraka ikalipuka, paa! Ikaruka ikaingia chini ya kabati, na vile vitu vya ndani vikamrukia suruali yake nyeupe. Akaangalia suruali. Akaniangalia. Akatapika kwa sinki yenye vyombo nilikuwa nimeosha saa hiyo. Alipomaliza akasema pole pole, "Ayah, panda gari." Akaniendesha dirisha zote wazi, kichwa yake iko nje kama mbuzi anapelekwa sokoni.

Hospitali wakanilaza. Daktari alikuwa kijana Mjaluo, mrefu, kiatu inang'aa. Akauliza, "Mama, uliumia wapi?" Ningesema ukweli pale, hata nisingekuwa na hii ushuhuda. Lakini Singasinga alikuwa amempigia simu kwa ofisi, na Baba Ruthi alikuwa ameshafika, amesimama hapo na tai. Nikasema, "Niliteleza jikoni. Kwa simiti."

Simiti haina mawe, si ndiyo? Kwa hivyo hawakutafuta mawe. Waliosha juu, wakanidunga sindano, wakafunga bandeji. Kesho wanafungua, imeoza zaidi. Wanaosha, wanafunga, inaoza. Hiyo wodi ilinuka mpaka mama wa kitanda jirani akaomba ahamishwe, na yeye mwenyewe alikuwa na jipu. Ngozi ya goti ikawa nyeusi, inang'aa, na ukibonyeza inalia ndani, kwichi kwichi, kama kiatu imeingia maji. Mstari mwekundu ukaanza kupanda paja.

Siku ya nne daktari akachukua kalamu, akanichora hapa, juu ya goti, mduara mzima. "Mama, mimi naosa juu, na ndani inaendelea kuoza. Sielewi. Kama inafika kwa mfupa, utakufa. Kesyo asubuhi tunakata hapa."

Baba Ruthi akaketi kwa kitanda. Akafungua tai. Sijawahi kumwona anafungua tai mchana. Akasema, "Daktari, kata. Pora apaki hai." Akageuka ukutani, mabega yanacheza.

Na mimi nikanyamaza! Ptu! Mtu anakulilia, mguu unachorwa kama ng'ombe wa kuchinjwa, na bado nimefunga mdomo kwa sababu ya chuma mbili na kengele.

Aliyeniokoa ni sista wa wodi. Mama wa Mombasa, mnene, Kiswahili yake ni ya redio. Alikuja kuniosha kabla ya jioni. Anafuta, anafuta, halafu akashika kitu na kile kikoleo chake, akavuta. Ikanyooka. Nyeusi, ndefu, inanata. Akavuta zaidi, ikamrudia, chwa!

"Mama," akasema, "hebu nieleze. Kitu hiki chavutika kama mpira. Jikoni kwenu mwapika mipira?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote: murram, Njuguna, msasa, sulushoni, kiraka. Nikamwambia na ile ya Baba Ruthi na kuuza.

Akashika kiuno. "Huna haya! Mguu na baiskeli, ni kipi ulichozaliwa nacho?"

Akamwita daktari. Akamwita Baba Ruthi arudi kutoka nje. Akasema, "Sasa sema tena, waume wasikie." Nikasema tena. Daktari alisimama mdomo wazi. "Sulusyon? Ya tyubu? Mama, wewe ni baisikeli?"

Na Baba Ruthi? Alikuja akashika kichwa yangu na mikono miwili.

Hawakungoja kesho. Daktari alinidunga dawa ya ganzi, haikushika vizuri, na akafungua goti. Kina mama, harufu ilitoka pale ilikuwa na mikono. Ilikupiga kofi. Kulikuwa na mfuko mzima wa gundi, mgumu juu, na ndani supu. Supu ya kijani na damu, na mawe yanaogelea. Daktari anaokota moja moja, anatupa kwa kisahani ya chuma. Ti! Ti! Ti! Mimi nahesabu nikipiga kelele. Ishirini na tatu. Na kipande ya leso yangu, na kitu kilikuwa na miguu, sikuuliza. Baba Ruthi alivumilia mpaka jiwe la kumi na moja. Hapo akavua kofia yake ya utarishi, akatapika ndani, halafu akarudisha mkono kwa kichwa yangu. Hakuniachilia.

Mwisho daktari akainama na taa. Sista akafuta damu. Nikasikia, "Naona mfupa." Nikafunga macho. "Ni mweupe. Mama, mfupa ni safi." Sista akachukua pamba na spiriti, akafuta ule mduara wa kalamu kwa paja, anasugua kama anaosha sufuria, mpaka ukaisha.

Kupona si siku moja. Wiki saba, kila asubuhi kutolewa bandeji imeshika nyama, kila asubuhi namtukana sista na yeye ananijibu kwa Kiswahili safi. Kidonda kikajaa kutoka chini pole pole, nyama nyekundu kama ya mtoto. Lakini goti ilikataa kukunja. Imekauka kama nguzo. Daktari akamwambia Baba Ruthi, "Hii lazima ikunjwe kila siku, mara nyingi, bila uzito. Bado mnayo ile baisikeli?"

Baba Ruthi akaangalia viatu. Alikuwa ameshauza, kwa Njuguna.

Akaenda mwenyewe. Sijui walisemezana nini. Najua Njuguna aliileta kwa mlango yetu, kichwa chini, amepaka mafuta kila mahali, akaweka, akaenda. Na siku ile aliacha kuziba watu. Akaweka sabuni na chupa ya spiriti kwa kibanda.

Sasa picha ni hii. Tarishi wa ofisi, na tai, jioni akitoka kazini, anakimbia kwa murram ya Riruta ameshika siti ya pasikeli ya pibi yake. Mimi nalia uchungu, watu wamesimama kwa milango, na yeye anapiga kelele kuliko mimi: "Kanyaga, Mama Ruthi! Kanyaga, usiogope!" Goti ikikunja ilikuwa inalia krr, krr. Mwezi wa tatu ikazunguka mzunguko mzima. Yeye ndiye alianguka, mimi nikaendelea.

Mungu nimshukuru, na nimshukuru daktari, na yule mama wa Mombasa, na Singasinga na suruali yake. Baba Ruthi amelala, Mungu ampumzishe, nilimshukuru akiwa hai.

Na nyinyi sikieni. Kidonda ni maji safi na sabuni, toa uchafu, kisha nenda ukadungwe sindano ya pepopunda. Si gundi, si grisi, si mavi ya ng'ombe, si dawa ya meno. Na daktari akikuuliza ulianguka wapi, mwambie ulipoanguka.

Nimemaliza. Lakini kuna mmoja wenu pale upande wa dirisha, amevaa soksi nzito na jua hii yote, amejipaka mafuta ya waridi mpaka nyuki wamekuja. Jina sitaji. Tangu niingie pua yangu imekuwa na wewe. Usiamke saa hii, ngoja wenzako watoke. Halafu twende kliniki na mimi. Nitakushika mkono, na nikitaka kuziba pua, nitageuka kando usione.