Kilomita Hamsini za Kwenye Boksi

Jirani yangu hapa Ghubra tumemzika Jumatatu, baada ya swala ya alasiri. Nilimpenda, na alinichosha. Baadhi yenu mtamkumbuka: ndiye niliyekuwa nikimlalamikia humu, bila ya kumtaja, kwenye safu yangu, kila nilipoandika juu ya watu wanaosoma boksi wakaacha karatasi ya maelezo iliyo ndani. Boksi la redio zake za mkononi, zile ndogo zinazotumiwa bila ya leseni, liliandikwa kilomita hamsini, naye hakutaka kusikia pungufu ya hapo.

Nilimweleza mara nyingi, na nawaeleza tena nyinyi kwa sababu hamchoki kuniuliza. Redio hizi zimepewa nguvu ndogo kwa makusudi, ili watu wengi wazitumie bila ya kusumbuana. Mawimbi yake huenda karibu kama macho yaendavyo: palipo wazi hufika mbali, jabali likikaa katikati hukwama. Hizo hamsini ni za mtu aliye kileleni akizungumza na mwenzake aliye kilele cha pili. Baina ya majumba ya huku kwetu Bawshar, ukipata mbili shukuru. Anayetaka masafa ya uhakika akafanye mtihani wa leseni, au atafute kifaa cha setilaiti, baada ya kuuliza kama kinaruhusiwa. “Mtihani, mimi?” akanijibu. “Nna wajukuu wanaofanya mtihani, yakhe. Mimi nshamaliza.”

Ijumaa moja tulikwenda milimani kwa gari tatu. Simu zilikuwa hazishiki tena, na redioni dada wa jirani yangu, aliye gari ya nyuma na mumewe, alikuwa akimsuta mke wangu kwa kusahau pilipili. Mara sauti yake ikakatika. Tukasimama bondeni kuwangojea, gari yao haikutokea. Mumewe ana sukari, na sindano zake zilikuwa kwetu, ndani ya sanduku la barafu.

“Dada, nijibu,” jirani yangu akaita, akaita tena. Akabadilisha betri. Akaitikisa redio.

“Hapa hawakusikii hata ukilia,” nikamwambia. “Tupande juu.”

“Boksi limesema hamsini.”

“Boksi halijaliona jabali hili, bwana.”

Muda ukapita tukibishana, wala redio hakutaka kunipa. Mwisho akapanda mwenyewe, nami nyuma yake, kwa goti ambalo daktari alilikataza ngazi. Kule juu sauti ya dada yake ikaja safi: “Makelele ya nini? Tumepata pancha. Lakini shemeji yako saa ya sindano imempita na kiu haimwishi, leteni dawa.” Tukarudi, tukawahi. Haikuwa hata kilomita nne. Naye, jasho likimtoka, akanigeukia: “Si nilikwambia? Zinafika.”

Juzi nimekwenda kuwapa watu wake mkono wa pole. Binti yake akanivuta pembeni. “Ami, tunataka kwenda tena milimani, kwa ajili yake. Zipo redio zinazofika mia?” Nilikuwa msibani, nikaumeza ukali wangu. Lakini hivi ndivyo tulivyo: tunakwenda dukani kununua masafa, na kila boksi linalokuja limeandikwa zaidi ya lililopita. Shemeji wa marehemu, yule mwenye sindano, mzima alhamdulillahi, alikuwa amekaa karibu akatusikia. “Mimi nilipona kwa sababu alipanda,” akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Basi, wasomaji wangu, nalisema hili nikiwa bado nimeudhika na bado namlilia. Dawa ikae gari moja na mwenye kuitumia. Aliyebaki mjini aijue njia mtakayopita. Na mtu wenu asipojibu, msihangaike na redio. Badilisheni mahali mliposimama.